Mtoto wa Kumi

Kolwezi, Dilala
Novemba 1986

Kwa Tata yangu Feruzi, Dilolo

Tata mpendwa,

Salaam nyingi kutoka kwa binti yako Mwamini. Namwomba Mungu barua hii ikukute umeketi nje kwenye jua la asubuhi, na magoti yako yamekubali kukubeba hadi dukani. Mama Amisa naye, je, kifua kimepona? Tulisikia baridi ya mwaka huu iliwauma sana huko, na kwamba treni ilikaa muda mrefu bila kuja. Asali uliyomkabidhi kondakta ilifika salama. Tumeila na wageni wote wa mtaa, na kila aliyeonja aliuliza inatoka wapi, nami nikajibu kwa sauti kwamba inatoka kwa baba yangu.

Sisi hapa tu wazima. Mume wangu Abibu yuko barabarani na lori lake, ameelekea Sandoa kuchukua mihogo. Watoto wanasoma. Asia amekuwa wa kwanza darasani, na tangu siku hiyo anatembea kama mke wa gavana.

Tata, naandika kwa sababu ya habari iliyofika kwenu. Abibu ameniambia kwamba huko Dilolo watu wanasema wanawake walivamia biro yangu ya kazi, wakataka kunipiga, nami nikafukuzwa kazi. Habari hiyo ni nusu. Wanawake walikuja kweli, na walikuwa na haki ya kuja. Hakuna aliyenigusa, na sikufukuzwa. Nimeona ni bora uisikie yote kutoka kwangu, tangu mwanzo, ili mtu akikuuliza umjibu bila kubahatisha.

Unajua kazi ya kampuni yetu, Sovilu: kila mwezi tunagawa unga na samaki kwa familia za wafanyakazi wa machimbo madogo yanayozunguka mji. Ni ile mashini kubwa ya hesabu, ordinatere, inayochapa karatasi ya kila familia, ikionyesha magunia mangapi ya unga na samaki kiasi gani. Mama wa nyumba analeta karatasi yake kwenye ghala, anapewa chakula. Mashini haina akili yake, Tata. Inafuata maagizo ambayo mtu ameiandikia mstari kwa mstari, na maagizo hayo ndiyo tunayaita programu. Mimi ni shefu, mkuu wa watu wanaoyaandika.

Programu ya unga iliandikwa na Kalala. Umewahi kumwona, yule Mkasai mrefu mwenye miwani aliyekuja kwenye arusi yangu. Aliiandika baada ya vita vya 78, wakati mafundi wa kigeni walikuwa wamekimbia na watu walikuwa na njaa. Aliifanya haraka, peke yake, na watu wakala. Nataka ulijue hilo kabla sijakueleza kasoro yake, maana wapo wanaosimulia kasoro tu.

Kasoro ni hii. Ndani ya mashini kila kitu kinapewa mahali pake, na mahali pa kila kitu ni padogo. Kalala aliiwekea hesabu ya watoto nafasi ya tarakimu moja. Ukiwa na watoto tisa, tisa inaingia. Ukizaa wa kumi, tarakimu mbili hazienei. Mashini inaitupa ile moja na kubaki na sifuri. Na kwa mashini, sifuri maana yake huna mtoto. Basi mama mwenye watoto kumi anapewa chakula cha kijana asiye na mke.

Kalala alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na alinuia kurudi kulitengeneza akipata nafasi. Hakupata. Kila mwezi wakubwa walitaka kitu kipya: leo samaki waongezwe, kesho sabuni, keshokutwa chimbo jipya. Kila kipya kilibandikwa juu ya kilichokuwepo, na sisi wengine tulibandika pia, hadi ikawa ukigusa mahali pa samaki, unga unayumba. Wakati huohuo Kalala, kila mwezi, aliziandikia kadi za masahihisho, za kulishwa mashini, kwa mkono wake familia zile za watoto wengi. Mwanzoni zilikuwa chache. Lakini watu wa Kolwezi wanazaa, Tata, unajua.

Wewe ni mfanyabiashara, unajua deni ni nini. Na kazi inaweza kukopwa hivyohivyo: unaacha leo jambo bila kulimaliza, ukisema utalimaliza kesho, na kila kesho inakuja na mzigo wake juu. Tulikuwa na deni la namna hiyo ndani ya mashini. Tulikuwa na jingine pia kati yetu wenyewe, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi.

Mwendeshaji mkuu wa mashini anaitwa Nkulu, mtu wa Bukama, hukuhuku Katanga. Yeye na Kalala walikuwa wamekula pamoja kwa miaka. Shefu wa zamani alipoondoka, kila mmoja wao aliamini kiti ni chake, na kila mmoja akasikia kutoka kwa watu kwamba mwenzake anamsema vibaya. Maneno ya chuki kati ya watu wa Kasai na wa Katanga yakaingizwa humo, kama kawaida ya mji huu. Wakaacha kusalimiana. Kalala alipitisha kadi zake kwenye dirisha dogo la chumba cha mashini bila kufungua kinywa, na Nkulu alizipokea bila kuinua macho. Wakubwa waliposhindwa kuchagua kati yao, wakaniweka mimi. Sikufurahi jinsi nilivyokipata kile kiti, lakini niliketi.

Na palikuwa na Mama Simone wa ghalani. Katika makaratasi ni citoyenne Mbuyu, yaani mwananchi Mbuyu, kama serikali inavyotaka, isiyopenda majina ya Kizungu, lakini sisi sote tunamwita Simone. Yeye ndiye aliyekuwa akizozana na wanawake dirishani karatasi ikikosea. Alipeleka malalamiko ghorofani, yakaishia huko. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushuka kumuuliza watu wanasemaje. Ghala na biro yetu zimetenganishwa na ua mmoja tu.

Mwezi wa sita mama yake Kalala akafariki, Mbuji-Mayi. Akaondoka siku ileile. Nilijua huwa anafanya masahihisho, lakini nilidhani ni ya majina yaliyokosewa, na yeye katika machozi yake hakukumbuka kuniambia. Nkulu aliendesha mashini kama kawaida. Karatasi zikatoka, zikapelekwa.

Wanawake walifika asubuhi ya siku ya kugawa. Walikuwa wengi hata mlinzi akafunga lango. Mbele yao alisimama mwanamke mmoja anayeitwa Tshibola, mume wake ni mchimbaji wa shaba, na mgongoni alikuwa na kitoto kichanga. Hakupiga kelele. Direktere, mkubwa wa Sovilu, aliniita kwa haraka, akaniagiza nitoke niwaambie kwamba kosa ni lao, hawakuleta vyeti vya kuzaliwa kwa wakati. Nilishuka ngazi na agizo lile kinywani. Nilipofika langoni, Tshibola alinionyesha karatasi yake, akamgeuza mtoto mbele ili nimwone uso, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mama shefu, huyu wa kumi njo alikula bandugu yake benye tisa? Mbele ya kumuzala tulikuwa tunapata magunia tatu. Sasa banatupatia unga ya kijana mwenye hana bibi."

Tata, wanawake wengine walicheka, lakini kile kicheko hakikuwa cha furaha. Niliona sifuri mahali pa watoto kwenye karatasi yake, nikaelewa kwamba kumi haikuenea. Nilimtazama yule mtoto. Alikuwa anapiga miayo. Na lile agizo la direktere likakataa kutoka.

Niliwaambia kweli. Niliwaambia kwamba vyeti vyao ni vizuri, kwamba kosa liko ndani ya mashini yetu, kwamba mashini haijui kuhesabu kupita tisa kwa sababu sisi hatukuifundisha, na kwamba hakuna mwanamke atakayerudi nyumbani siku ile na unga pungufu. Kisha nikamwomba Mama Simone afungue ghala. Tuliwapanga mtaa kwa mtaa. Kila mama alisema ana watoto wangapi, na jirani zake wawili walisimama kumshuhudia. Nilitegemea ugomvi. Badala yake niliwaona wanawake wakisahihishana wao kwa wao. Mmoja alitaja kumi na moja, jirani yake akamkumbusha kwamba mkubwa ameshaolewa, naye akakubali kumi. Hadi jua linaelekea magharibi, ua ulikuwa mtupu na kila mtu amepata haki yake.

Direktere alinisubiri ofisini. Alikuwa amekasirika, si kwa unga, bali kwa maneno yangu langoni. Akasema nimeaibisha nyumba nzima ya Sovilu. Halafu akasema mambo yamekwisha, Kalala akirudi ataendelea na kadi zake kama zamani, na mimi nianze mara moja programu mpya, kwa sababu wageni wakubwa walitazamiwa kutoka Lubumbashi mwisho wa mwaka, naye alitaka kuwaonyesha kitu.

"Citoyenne," akaniambia, "bale benye kufika pa mulango leo, kesho batasahau."

Nilimjibu kwamba hawatasahau, maana mtoto wa kumi atakuwa analia kila mwezi. Nikamwambia sitaandika kitu kipya hata kimoja mpaka tumetengeneza cha zamani, na kwamba kama mvua itaanza kabla hatujamaliza, kiti changu ni chake, amweke anayemtaka. Nadhani aliwaona tena wale wanawake langoni. Akasema sawa, mpaka mvua. Nilipotoka, Tata, nilijua nimesema kama mtoto wako.

Kalala aliporudi kutoka msibani, mtu alikuwa ameshamsimulia kwamba nimeitangaza kasoro yake mbele ya mji mzima. Alikuja kazini, akaketi, hakunisemesha. Nilimngoja siku kadhaa. Kisha nikaona aibu, si kwa lile la langoni, bali kwa jingine: mtu huyu alikuwa amempoteza mama yake, na hakuna hata mmoja wa biro yetu aliyekwenda kwake kumpa pole. Tulikuwa tumefika hapo.

Nikamwendea Nkulu. Nikamwambia mchana tunakwenda kwa Kalala, mtaa wa Manika, kuketi naye matanga. Alikataa. Nikamwambia simwombi kama shefu. Lakini saa ya kutoka kazini ilipofika nikamkuta nje amefunga jogoo na mfuko wa makaa nyuma ya baiskeli yake.

Elise, mke wa Kalala, alitupokea mlangoni, akaenda kutafuta viti. Tuliketi chini ya ukuta, penye kivuli. Kalala alikaa mbali kidogo. Nilimpa pole ya mama, nikamwambia sikuja na kesi. Hapo akaanza kuzungumza, na alizungumza kama mtu anayetua mzigo kipande kwa kipande. Alieleza kwamba tangu alipoandika programu ile hajawahi kuchukua likizo. Mtoto wake alipolazwa hospitali, alimwacha Elise kitandani pa mtoto akaja kuandika kadi, kwa sababu alijua zisipoandikwa kuna nyumba zitalala njaa. Hata Mbuji-Mayi, mbele ya kaburi, alihesabu ni siku gani ya mwezi, akajua karatasi tayari zimeshachapwa. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba alisema mara nyingi, zamani, na kila mara aliambiwa asubiri. Mwishowe aliacha kusema.

Nkulu alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema polepole:

"Ile mwezi niliona bile ma-zero. Nilijua haiko sawa. Nikasema mu roho yangu, kama Kalala hanisalimie, na mi siulizi. Batoto ya batu bakakosa bukari juu ya ile."

Kalala alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Na mi sikukuonyesha," akasema. "Miaka yote. Niliogopa utasema sijue kazi."

Hawakukumbatiana, usifikiri. Nkulu aliuliza kama jogoo achinjwe au afugwe. Kalala akasema achinjwe. Tulikula pale, bukari ya unga na sombe ya majani ya muhogo na yule jogoo, na walipoanza kubishana juu ya timu za mpira nikajua naweza kurudi nyumbani.

Tangu hapo kazi ikaanza kweli. Tuliondoa makabati katikati ya chumba, tukaweka meza moja ndefu, na kila mtu akaleta programu zake zote, hata zile za kuonea haya. Sheria yangu ilikuwa moja: hakuna anayesoma yake. Kila mtu alisoma ya mwenzake, na asipoelewa aliuliza, na mwenye nayo alieleza mpaka ieleweke. Siku za kwanza zilikuwa chungu. Mtu akiulizwa juu ya mstari wake alijibu kama ameulizwa juu ya mke wake. Kuna mmoja, Badibanga, alinuna wiki nzima kwa sababu Nkulu alisema programu yake ya samaki inazunguka kama mlevi anayetafuta nyumba. Baadaye Badibanga mwenyewe aliifupisha ikabaki nusu, akawa anaionyesha kwa kila anayeingia.

Ile nafasi ya tarakimu moja kuifanya mbili ilikuwa kama kutoa tofali la chini ukutani. Kila kilichokuwa juu yake kilihama. Katikati ya mwezi wa nane tuliiharibu kabisa hesabu ya sabuni, na direktere akaja kusimama mlangoni akiwa na mikono nyuma. Lakini wakati huo tayari nilikuwa nimeweka desturi ya kushuka ghalani kila Jumatatu, sisi sote, kumsikiliza Mama Simone, naye alituambia sabuni imekosewa kabla haijagawiwa hata kipande. Tulirekebisha siku ileile. Zamani tungejua baada ya lango kufungwa.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwezi wa kumi, mchana, na vumbi jekundu la Dilala likageuka tope. Karatasi za mwezi ule zilikuwa zimechapwa siku mbili kabla. Siku ile ya kuchapa tulikuwa wote chumbani, Nkulu kwenye mashini, Kalala amesimama kando yake, ndani, si dirishani. Karatasi ya Tshibola ilipotoka, ilikuwa imeandikwa watoto kumi. Hakuna kadi yoyote iliyoandikwa kwa mkono. Kalala aliichukua, akaisoma mara kadhaa, akampa Nkulu naye aisome. Mimi nilijifanya ninatafuta kalamu, maana shefu hapaswi kulia mbele ya mashini. Lakini nilijivuna, Tata. Nilijivuna kwa ajili yao hata kifua kikawa kidogo.

Kalala aliomba likizo juma lilelile. Alikwenda Mbuji-Mayi na Elise na watoto kumaliza matanga ya mama yake, na hakuacha anwani ya kumwita. Karatasi za mwezi huu zimetoka bila yeye, nami sikuwepo pia, nilikuwa nyumbani na homa. Nkulu na Badibanga waliendesha, Mama Simone akakagua, na hakuna mwanamke aliyerudishwa. Wageni wa Lubumbashi walikuja mapema kuliko ilivyotangazwa. Direktere hakuwa na kitu kipya cha kuwaonyesha, basi akawaonyesha ile meza ndefu. Waliketi hapo muda mrefu na maswali mengi.

Sasa nifikie lile lililonifanya nichelewe kukuandikia. Wale wageni waliniomba niende Lubumbashi. Wana biro kubwa kuliko yetu mara kumi, na programu zao ni mbaya zaidi, na watu wao hawasalimiani. Wanataka nifanye kwao nilichofanya hapa. Tata, nimekubali. Nilizungumza na Abibu, naye ameridhika. Lori lake lina barabara popote. Lakini nilisema ndiyo kabla ya kukuuliza wewe, na hilo sijawahi kulifanya maishani mwangu. Sitasema nilisahau. Niliogopa kwamba ukisema hapana nitakutii, na nilitaka kwenda.

Direktere aliniuliza kama Sovilu itaanguka nikiondoka. Nilimjibu kwamba nililala na homa siku zile za karatasi wala hakugundua. Nimemwachia Nkulu kiti, na Kalala, aliporudi, alikubali kwa kinywa chake mwenyewe kukaa kando yake.

Abibu ameniambia pia kwamba wewe, ukiketi na wenzako kituoni, huwa unawaambia ile mashini ya Kolwezi haiwezi kutembea bila binti yako. Nilicheka kwa furaha niliposikia, kisha nikafikiri sana. Tata, maneno hayo si ya kweli tena, na ni mimi niliyefanya kazi kwa miezi ili yasiwe ya kweli. Nakuomba uwaambie sasa kwamba inatembea bila yeye. Waambie kwa majivuno yaleyale.

Tutapita Dilolo kabla ya kuhama, wote, ili utulaumu uso kwa uso kama utaona inafaa, na halafu utubariki. Mwambie Mama Amisa nitamletea kitambaa cha bluu alichokipenda. Wasalimie shangazi zangu, jamaa wa msikiti, na wote wanaouliza habari zangu kwa wema. Na wanaouliza kwa nia nyingine, nao wasalimie. Asia anakubusu mkono, na Abibu anakuinamia.

Mungu akuhifadhi wewe na magoti yako mpaka nikuone.

Ni mimi mtoto wako,

Mwamini binti Feruzi